Ganzi ya miguu: Maumivu yakinyamaza, usishangilie

Neno "mshipa" linatupa kazi sisi madaktari. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva, ule uzi wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo na kurudisha amri. Mshipa pia ni kano ngumu unayoishika nyuma ya kifundo cha mguu, na kwa wazee wengi mshipa ni ngiri au busha. Mgonjwa akiniambia, "Dokta, mishipa ya miguu imeziba," inabidi nianze kwa kuuliza anamaanisha mishipa ipi.

Wengi wanamaanisha ya damu. Muulize mtu kwa nini miguu yake inakufa ganzi, jibu analo tayari: "Damu haitembei." Ukishaamini hivyo, tiba inajipanga yenyewe. Unakanda miguu kwa maji ya moto ili damu ifunguke, unachuliwa na dawa za kupasha joto, unaisogeza kwenye jiko la mkaa, unanunua vidonge vya "kusafisha mishipa". Wiki hii nataka tuizungumzie ganzi kwa kirefu kwa sababu tiba hizo, kwa mtu ambaye tatizo lake ni neva, zinaleta vidonda. Na vidonda hivyo ndivyo vinavyowafikisha wengine kukatwa mguu.

Mguu uliokosa damu na mguu uliokosa habari

Tuanze na ganzi ambayo kila mtu anaijua. Umekaa mkekani umekunja mguu, mazungumzo yamenoga, unainuka na mguu kama si wako. Baada ya dakika moja au mbili unasikia vitu kama sindano vinachoma, kisha mguu unarudi. Hapo uliibana neva, pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Ulipoachia ikaanza tena kupitisha habari, mwanzoni kwa fujo. Ganzi hiyo haina ubaya.

Ninayoizungumzia mimi haiondoki ukibadili mkao. Huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda polepole, miezi na miaka. Mgonjwa anasema anakanyaga kama pamba, au mchanga, au anajiona amevaa soksi wakati yuko peku. Wengine nyayo zinawaka moto, hasa usiku, hata shuka likigusa tu linakera, mpaka mtu anaamka kukanyaga sakafu ya saruji apate ubaridi. Ukiushika mguu huo una joto lake la kawaida, na ukiweka vidole juu ya unyayo unasikia damu inadunda vizuri. Damu inatembea.

Mguu uliokosa damu hujieleza tofauti. Mtu anatembea umbali fulani, kigimbi kinabana, anasimama, kinaachia. Anatembea tena umbali uleule, kinabana tena. Mguu wenyewe ni wa baridi, ngozi inang'aa, vinyweleo vimepukutika. Mwenye kisukari anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana ni kazi ya daktari au muuguzi kuushika mguu na kuupima, wala si ya muuza dawa kuukisia kutoka upande wa pili wa kaunta.

Habari inavyosafiri

Seli ya neva inayohisi kidole gumba cha mguu ina kiini chake kando ya uti wa mgongo, maeneo ya kiuno. Kutoka hapo inashusha uzi mmoja unaopita takoni, nyuma ya paja, kwenye kigimbi, mpaka ncha ya kidole. Kwa mtu mzima uzi huo una urefu wa karibu mita 1, na ni mwembamba kuliko unywele. Yote hiyo ni seli moja. Sehemu kubwa ya mahitaji yake hutengenezwa kwenye kiini, huko juu, kisha husafirishwa ndani ya uzi hadi chini kabisa. Shika hilo la urefu, tutalihitaji mbele.

Watu hufananisha neva na waya wa umeme. Mfano si mbaya, ila unapotosha mahali pamoja muhimu. Umeme wa nyumbani unazalishwa mbali, waya unaupitisha tu. Neva inazalisha umeme wake njia nzima, na inauzalisha kwa chumvi. Nje ya uzi kuna sodiamu nyingi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ndani kuna potasiamu nyingi. Pampu ndogo zisizoonekana, zilizopachikwa kwenye ukuta wa uzi, hufanya kazi usiku na mchana kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kwa mpangilio huo upande wa ndani unakuwa na chaji hasi ya kama milivolti 70. Ni kidogo sana: betri moja ya tochi ina milivolti 1,500.

Unapokanyaga kokoto, ncha ya neva inabonyezwa na vilango vilivyo kwenye ukuta wake vinafunguka. Sodiamu inaingia kwa kishindo. Chaji ya mahali pale inageuka kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mgeuko huo unafungua vilango vya jirani, navyo vinafungua vya jirani yao, hivyohivyo hadi kwenye uti wa mgongo. Ni kama moto kwenye majani makavu. Jani lenyewe haliendi popote, linawasha tu la pembeni yake, na moto unafika mwisho wa shamba ukiwa na nguvu ileile ulioanza nayo. Tofauti ni kwamba shamba la neva huota majani mapya papo hapo, tayari kuwaka tena.

Kila ishara ya neva ina ukubwa uleule. Neva haijui kunong'ona wala kupaza sauti. Kokoto na msumari hutofautiana kwa idadi ya ishara zinazopita kwa sekunde moja, na kwa neva zipi na ngapi zimeamka. Ubongo hauoni mguu. Unahesabu hizo ishara, unaangalia zimeingilia njia ipi, kisha unaamua: kuna kitu chenye ncha chini ya unyayo wa kulia.

Sehemu kubwa ya elimu hii tumeipata kwa ngisi. Ngisi ana neva moja nene ajabu, huweza kufika milimita 1, ambayo humsaidia kujirusha kwa kasi anapokimbia hatari. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliingiza waya mwembamba ndani ya neva hiyo, wakapima umeme wake, na mwaka 1952 wakachapisha maelezo ya jinsi sodiamu na potasiamu zinavyopokezana. Mwaka 1963 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Nikimwona ngisi sokoni huwa namheshimu kidogo kabla ya kuuliza bei.

Watu wa pwani wana ushahidi wao mwingine. Bunju, yule samaki anayejijaza mpaka anakuwa kama mpira, ana sumu inayoziba vilango vya sodiamu. Anayemla huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, inakuja ya vidole, misuli inalegea, na anayefariki hufariki kwa sababu misuli ya kupumulia haipati tena amri. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Daktari wa meno hutumia kanuni ileile kwa kipimo salama na kwenye eneo dogo tu: sindano ya lidokeini hufunga vilango hivyohivyo kwa muda, jino linang'olewa, na habari ya kung'olewa kwake haifiki popote.

Kasi nayo inatofautiana sana. Neva zinazobeba habari za mguso na zile zinazoamuru misuli zimevikwa tabaka la mafuta linaloitwa mielini, lenye mapengo madogo madogo. Ishara huruka kutoka pengo moja hadi jingine, na katika neva nene hufika hata mita 100 kwa sekunde. Neva nyembamba zinazobeba joto na maumivu ya kuwaka hazina vazi hilo, na ishara zake hujikokota kwa kama mita 1 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayewahi daladala. Ndiyo maana ukijikwaa kidole unajua kwanza kwamba umejikwaa, unapata hata nafasi ya kusema "Oh!", halafu ndipo yale maumivu ya kuvimba yanakuja.

Neva inapokutana na msuli hakuna kuruka kwa umeme. Ncha ya neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, msuli unaipokea na kukaza, kisha kimeng'enya kinaifagia upesi ili msuli uachie. Dawa nyingi za kuulia wadudu shambani huzuia ufagiaji huo. Wazazi mnaohifadhi dawa hizo kwenye chupa za soda, tafadhali acheni leo. Mtoto akizinywa atatokwa na mate na machozi mengi, mboni za macho zitakuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli itachezacheza, kisha pumzi itashindwa. Usimtapishe. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali, na beba chupa yenyewe.

Kwa nini ni vidole vya miguu kwanza

Sasa turudi kwenye urefu. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaichosha seli ya neva yenyewe, na inaharibu vijishipa vidogo sana vya damu vinavyoilisha. (Kwa hiyo anayesema "damu haitembei" hajakosea kabisa. Ila vijishipa hivyo havionekani kwa macho, na hakuna maji ya moto wala mchuaji anayeweza kuvifungua.) Kiini kinapochoka, mahali pa kwanza kukosa huduma ni mbali kuliko pote, sawa na maji ya bomba yanavyokatika kwanza kwenye nyumba ya mwisho mtaani. Nyumba ya mwisho ya mwili ni vidole vya miguu. Ganzi ikishapanda karibu na magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza, maana umbali kutoka kwenye uti wa mgongo hadi huko unaanza kulingana. Mgonjwa akinieleza mpangilio huo, nusu ya kazi yangu imekwisha.

Uharibifu huu una hatua. Neva iliyojeruhiwa mara nyingi huanza kutuma ishara bila sababu. Kengele ya mlango inalia na nje hakuna mtu. Ubongo hauna namna ya kutofautisha, kwa hiyo unaamini kilichoandikwa kwenye barua: mguu unaungua. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Naomba ndugu mnaoishi na mgonjwa msimwambie anajiendekeza kwa sababu mguu "hauna hata alama". Dawa kama amitriptilini, pregabalini na gabapentini hupunguza kelele hizo. Ukisoma karatasi ya dawa utaona zinatumika pia kwa sonona au kifafa. Usishtuke, hujafichwa ugonjwa. Zinatuliza neva zinazopiga ishara ovyo. Haziponyi neva iliyoharibika wala hazishushi sukari, na kushusha sukari ndiko kunakopunguza kasi ya uharibifu wenyewe.

Halafu inakuja hatua ninayoiogopa zaidi. Neva iliyokuwa ikipiga kelele inakufa, na kelele zinapungua.

"Shikamoo, mzee wangu. Miguu inaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Namshukuru Mungu. Nilipewa mizizi nikachemsha, ule moto umeisha kabisa. Sasa hivi nalala."

Nilimwomba avue viatu. Chini ya unyayo wa kushoto, usawa wa kidole gumba, kulikuwa na kidonda cha mviringo kama sarafu, na ndani ya kiatu kulikuwa na kokoto. Alikuwa ametembea nalo tangu asubuhi, labda na tangu jana yake. Alilitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Sina ugomvi na mizizi yake. Huenda haikumdhuru wala haikumfaa. Ugomvi wangu ni na ile furaha. Maumivu ya miguu yakipungua kwa mwenye kisukari, swali la kuuliza ni je, hisia zimebaki? Kama ukigusa unasikia, vizuri, furahi. Kama maumivu yameondoka pamoja na hisia, mguu huo umeingia kwenye hatari kubwa kuliko ulipokuwa ukiwaka.

Fikiria maumivu yanakufanyia nini kwa siku ya kawaida. Kiatu kikibana unachechemea. Ukisimama muda mrefu kwenye foleni unahamisha uzito mguu hadi mguu bila hata kuwaza. Malengelenge yakitokea unatembea kwa upande. Mguu usioleta habari haufanyi lolote kati ya hayo. Unakanyaga palepale, hatua kwa maelfu, mpaka ngozi inapasuka, na hata kidonda kikishafika kwenye mfupa mwenyewe anasema hakiumi, kwa hiyo si kikubwa. Zaidi ya hapo, neva zinazoamuru jasho nazo hufa. Ngozi inakauka, magaga yanachanika, na kila mpasuko ni mlango wa vijidudu.

Ndipo unaona ubaya wa maji ya moto. Neva za joto ni zile nyembamba, na kwa wengi huharibika mapema. Mguu hauwezi kukwambia kwamba maji haya yanaunguza. Nimeona nyayo zilizobabuka kwa beseni la kukandia, lililoandaliwa kwa upendo na binti wa nyumbani. Kama ni lazima kuosha kwa maji ya uvuguvugu, pima kwa kiwiko, au apime mtu mwingine ambaye neva zake ni nzima. Na dumu la maji ya moto kitandani, jiko la mkaa, dawa za kuchua zinazochoma, viache.

Kipimo cha mjukuu

Hospitali tunapima hisia kwa uzi maalumu wa plastiki unaojikunja kwa mkandamizo wa gramu 10. Lakini kuna kipimo cha nyumbani kilichobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, ambacho hakihitaji chochote zaidi ya kidole. Ninakipenda kwa sababu mtoto wa darasa la nne anaweza kumpima babu yake.

Mgonjwa anavua viatu na soksi, analala au kukaa ameinua miguu, anafumba macho. Anayepima anagusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi kama unyoya, sekunde moja au mbili tu, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati, na cha mwisho kilicho kidogo. Miguu yote miwili, yaani vidole sita. Kila akihisi, mgonjwa anasema "kulia" au "kushoto". Usibonyeze, usigonge, usikwaruze, na usirudie kidole ambacho hakukihisi. Akikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua na anatakiwa aonwe kliniki, hata kama hana kidonda na hana maumivu.

Mwenye majibu hayo abadilishe mazoea. Asitembee peku hata ndani. Akung'ute viatu na kupitisha mkono ndani kabla ya kuvaa. Kila jioni aangalie nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo kidogo kama hafikii, au aangaliwe na mwenzake. Sugu zisikatwe kwa wembe. Kandambili zenye kamba kati ya vidole hazimfai, kwa sababu kamba husugua na yeye hajui. Viatu, hata vya mtumba, anunue jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na aachague vipana mbele. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mahindi, ni cha kupelekwa kituoni siku hiyohiyo au kesho yake. Asingoje kliniki ya mwezi ujao.

Vitamini, TB na ukoma

Si kila ganzi ni kisukari. Pombe nyingi kwa miaka huua neva. Upungufu wa vitamini B12 vilevile, na wanaotumia metformini kwa muda mrefu wanaweza kuupata, kwa hiyo muulize daktari wako kama unahitaji kupimwa. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, huingilia kazi ya vitamini B6, ndiyo maana wagonjwa wengi wa TB huandikiwa B6 pamoja nayo. Ukiona imekosekana kwenye dawa zako, uliza, hasa kama unaanza kuhisi sisimizi miguuni.

Hapo panazaa kosa jingine. Kwa kuwa B6 inalinda neva, watu wananunua vidonge na sindano za "vitamini za neva" na kuzitumia mwaka mzima bila kupimwa chochote. B6 kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu inaharibu neva zilezile za hisia. Kidogo kinalinda, kingi kinaleta ganzi, na mwenye ganzi anaongeza dozi. Mletee daktari chupa zote unazotumia, pamoja na zile unazoona aibu kuzitaja.

Wazazi, doa lililofifia rangi kwenye ngozi ya mtoto, ambalo ukiligusa kwa pamba hasikii, lipelekeni hospitali. Bakteria wa ukoma hukaa ndani ya neva, na ganzi ya doa ni dalili yake kubwa. Ukoma unatibika, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa dawa zake bure tangu mwaka 1995. Ukiwahiwa, mtoto hapati ulemavu.

Na kuna ganzi ambazo hazingoji makala ya gazeti. Ya ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukienda upande, ni kiharusi. Ya sehemu za siri na mapajani kwa ndani, pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, ni uti wa mgongo unabanwa. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu ndani ya siku chache unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Hizi ni za kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Mtoto anayeburuta mguu

Mama mmoja mmoja hunijia na mtoto aliyekuwa akitembea vizuri, akaugua homa, akachomwa sindano takoni, na tangu siku hiyo anaburuta mguu. Unyayo unaning'inia, hawezi kuuinua vidole viangalie juu. Neva kubwa ya mguu hupita takoni, na mtoto mdogo, hasa aliyekonda, ana nyama kidogo ya kuikinga. Sindano ikiigusa, au dawa inayochoma kama kwinini ikimwagwa jirani yake, neva inajeruhiwa. Kuanzia mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza artesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali, na hilo limetupunguzia balaa kiasi. Bado sindano nyingi hazina ulazima. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa adabu, "Muuguzi, haiwezekani akapewa ya kunywa?" Na kama ni lazima, kwa mtoto mdogo mahali salama zaidi ni upande wa nje wa paja.

Mguu ukilegea ghafla kwa mtoto aliye chini ya miaka 15, kwa sababu yoyote ile, hata kama una hakika ni sindano, mpeleke kituoni upesi. Utaombwa sampuli mbili za choo chake, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Si dharau wala uchawi. Ni utaratibu wa nchi nyingi wa kuhakikisha polio haijarudi.

Kama ni neva iliyojeruhiwa na bado haijakatika kabisa, inaweza kuota tena kuelekea chini, kwa kasi ya kama milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 hivi kwa mwezi. Pima mwenyewe kutoka tako la mtoto hadi kidole, utaelewa kwa nini fundi wa viungo anakuambia mwaka na zaidi, na kwa nini anayekuahidi wiki mbili kwa kumchua anakuongopea. Katika muda huo kazi yetu ni kulinda mguu neva itakapofika iukute mzima: kifaa cha kushikilia unyayo usining'inie, mazoezi ya kunyoosha kifundo kila siku ili kisikaze, viatu wakati wote kwa sababu naye hasikii miiba. Baada ya miezi kadhaa mtoto anaweza kulalamika kwamba wadudu wanamtembea kwenye paja, baadaye chini ya goti, baadaye kwenye kigimbi. Wazazi wengi hukimbilia dawa ya kuondoa hali hiyo. Andika tarehe na mahali anapoonyesha, uje nayo kliniki; mara nyingi ni ncha ya neva inayoota, na kila mara ikishuka tunajua imefika wapi.